Je wajua? Kwa nini kuna kijiji karibu na Dublin wanaongea Kiairishi wakati majirani wote ni Kiingereza

Ukiangalia ramani ya Ireland utaona sehemu zinazoongea Kiairishi nyingi zimejazana magharibi, huko baharini. Sasa kijiji chenyewe, Ráth Chairn, kiko mkoa wa Meath, mashariki, upande wa Dublin kabisa. Lugha imefikaje huko?

Jibu ni ardhi bana. Connemara, mkoa wa Galway, ni mawe matupu, watu walikuwa wanabeba mwani kutoka baharini wanaumwaga juu ya mwamba pamoja na mchanga ndo wapate pa kupanda viazi. Meath nako udongo umenona ila mashamba makubwa yalikuwa ya kulishia ng'ombe tu. Basi 1934 wanaharakati wa Connemara, akiwemo mwandishi Máirtín Ó Cadhain, wakapanda baiskeli mpaka Dublin kumdai mkuu wa serikali, de Valera, ardhi, na mwaka uliofuata serikali ikahamisha familia 27, kila moja ikapewa nyumba na kama ekari 22. Wenyeji hawakufurahi wote, si unajua tena mgeni akipewa shamba ambalo na wewe ulikuwa unalimezea mate.

Lakini kilichonishangaza mimi ni hiki: 1937 wakaanzisha kijiji kingine hukohuko Meath, Baile Ghib, ila kule wakachanganya watu wa mikoa ya Kerry, Mayo, Donegal, kila mtu na lafudhi yake, wakiongea hawaelewani vizuri, kwa hiyo Kiingereza kikajipenyeza haraka. Ráth Chairn wote walitoka Connemara, mama anamwita mtoto na jirani wa tatu anaelewa. Hata hivyo serikali ilikuja kuwatambua rasmi kama eneo la Kiairishi 1967, miaka 32 baada ya kuhamia, tena baada ya kupiga kelele sana.

Lugha yenyewe tamu. Ukisalimiwa "Dia duit", yaani Mungu awe nawe, unajibu "Dia is Muire duit", unamuongezea na Maria. Halafu haina neno la ndiyo wala hapana, ukiulizwa "an dtuigeann tú?" (unaelewa?) unarudisha kitenzi, "tuigim", naelewa. Sisi tunafanya hivyo tukitaka, wao hawana namna.

Na mpira je? Huko sio soka la Ulaya, ni futiboli ya Kigaeli, watu 15 kila upande, unadaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, goli lina umbo la H, ukitia wavuni pointi 3, ukipitisha juu ya mwamba kwa kawaida 1. Wachezaji hawalipwi mshahara, na timu kubwa ni ya mkoa. Sasa fikiria fainali ya taifa ya 2001: Meath dhidi ya Galway. Mkoa ulikozaliwa wewe dhidi ya mkoa alikotoka babu! Galway walishinda 17 kwa 8, kwa hiyo siku ile kuna wazee Ráth Chairn nadhani walilazimika kuficha tabasamu mbele ya wajukuu.