Kumtega kunguru pamoja na binti yangu

Watu wakisikia kazi yangu ni kutega ndege, hudhani natembea na bunduki. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kabla sijazaliwa, na ndege wa mwituni hawaguswi bila kibali. Mimi kibali changu ni cha ndege mmoja tu: kunguru wa Bara Hindi, yule mwembamba mwenye shingo ya rangi ya jivu, ambaye wengine mitaani humwita kurabu. Jumamosi iliyopita, shule zikiwa zimefungwa, binti yangu wa miaka 9 alishikilia kwenda nami kazini. Mamake akasema, "Nenda naye, lakini asinirudie na harufu ya matumbo." Alirudi nayo.

Tulitoka baada ya Alfajiri, giza halijaondoka. Si kwa sababu ya foleni ya magari ya Nyali, hapa Mombasa. Kunguru anajua nyuso. Akikuona mara moja umemshika mwenzake, atakukumbuka, na kila ukipita mtaa huo utapigiwa kelele kama mwizi. Kwa hiyo chambo hutiwa kabla hawajatoka walikolala, na waliokamatwa hutolewa usiku, wenzao wakisharudi kulala. Utotoni niliwawinda kwa manati, na nakwambia ni kazi bure: unampiga mmoja, waliobaki hamsini wamekwishasoma darasa.

Mtego wangu uko Kisauni, uani kwa bibi mmoja mfugaji wa kuku. Binti yangu akamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mumekuja kunishikia wezi?"

Kisha akamweleza kwamba kunguru ni katika wale watano ambao hadithi ya Mtume imeruhusu wauawe hata na aliye kwenye ihramu ya hija. Naye vifaranga wake wanachukuliwa mchana kweupe, basi hakuhitaji kushawishiwa na mtu.

Mtego wenyewe ni chumba cha waya, mita 3 kwa 2, mtu mzima anasimama ndani. Siri iko juu. Paa halikukaa bapa, limebonyea katikati kama mtumbwi, na chini ya mbonyeo huo pana nafasi zilizopangwa kama vipago vya ngazi, kila moja upana wa shubiri hivi. Kunguru hufunga mbawa, akajiangusha ndani. Kutoka ndiko kusikowezekana, kwa maana kuruka juu kunataka mbawa zilizofunguliwa, na zikifunguliwa hazipiti. Hakuna kamba, hakuna mlango wa kufyatuka.

Ila kunguru haingii kwa ajili ya chakula peke yake. Anaingia akiona wenzake wanakula na hawajafa. Ndiyo maana humo ndani huwa nawaacha watatu walio hai. Hao ndio chambo hasa, matumbo ya kuku na vichwa vya samaki ni nyongeza. Lazima wapate maji, kivuli cha makuti na kijiti cha kutulia. Binti nilimpa kazi ya maji, akaifanya vizuri kuliko mimi. Kunguru mwenye kiu hupiga kelele ya dhiki, na kelele ile hufukuza wateja.

Tukakaa kibarazani, nyuma ya pazia, na mahamri kwa mbaazi. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Akaniuliza wametoka wapi. Nikamwambia waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, na hapa Mombasa wakaonekana mwaka 1947. Taka hazikwisha, nao wakazidi. Wanakula mayai na makinda ya kwera na ya chozi, na wamemsukuma kando kunguru wetu wa asili, ambaye zamani ndiye aliyekuwa kunguru wa mji huu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni 1, hasa kwa sumu iitwayo Starlicide. Sumu hiyo ikitiwa na wanaoijua huua wengi kwa siku moja kuliko mtego wangu kwa miezi. Siipingi. Lakini kwenye ua wenye kuku na watoto, mimi nitaweka waya.

Kufikia saa nne walikuwa wameingia kumi na mmoja. Nilikuwa nahesabu kwa furaha mpaka mtoto aliponivuta kanzu.

"Baba, mbona yule amevaa kizibao cheupe?"

Nikatazama. Mkubwa kidogo, mweusi tititi, kifua na kola nyeupe kama karatasi. Kunguru wetu mwenyewe, amebanwa pembeni, wale wengine wanamdonoa. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Hapo ndipo nilipotamani ningekuja peke yangu. Nikifungua mlango mchana, kundi zima litaniona, na siku imekwisha. Nikamwambia tutamtoa magharibi.

"Na kama ana watoto wanamngoja?"

Sikumwambia kwamba mwaka wangu wa kwanza nilingoja magharibi hivyo hivyo, na gizani nikamnyonga mwenye kizibao nikidhani ni mwenye jivu. Kifua cheupe usiku, chini ya tochi yenye betri inayokufa, si cheupe sana. Niliinuka, nikaingia, nikamfunika kitambaa kichwani nikamtoa. Binti alimwachilia mwenyewe juu ya ukuta. Ndege alisimama pale kitambo, akajikung'uta, akaenda upande wa Mtopanga bila kugeuka.

Kelele iliyofuata iliwatoa majirani nje. Mwembe wote ulijaa kunguru wanaonitukana, na mpaka jioni hakuingia hata mmoja. Itabidi niuhamishe mtego ule, au nimtume mtu mwingine kwa miezi kadhaa.

Usiku niliwatoa wapya saba na kuwabakisha watatu, maana watatu wa zamani walikuwa wamechoka nao nikawaondoa pia. Kazi ya kuwaua naifanya peke yangu, nyuma ya pikapu, kwa haraka na mkono uliozoea. Binti alikaa jikoni kwa bibi. Hawaliwi, hawatupwi jaani, huzikwa chini sana mbwa wasiwafukue. Alitoka nilipokuwa nachimba, akanishikia tochi. Alinyamaza muda mrefu, akitazama jembe.

"Baba, madrasa tulisomeshwa ni kunguru aliyemuonyesha Kabili namna ya kumzika nduguye."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi chimba zaidi."

Nikachimba zaidi.