Vita vya wakala ni nini?

Ukitaja wakala, wengi wetu tunawaza kibanda cha kutolea pesa za simu. Mfano unafaa, ila kuna tofauti moja: wakala wa simu hubandika jina la kampuni ukutani. Katika vita vya wakala, mara nyingi jina la mwenye kazi ndilo linalofichwa. Dola hutoa silaha, fedha, mafunzo, pengine hata askari, mwingine apigane kwa niaba yake, kisha mara nyingi yenyewe ikakana kwamba iko vitani.

Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, havikuwa hivyo. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Aliyesikiliza redio alijua nani anapigana na nani. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka.

Sasa njoo Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waasi wa M23 walijiita hivyo kwa makubaliano ya Machi 23, 2009, wanayodai serikali ya Kinshasa haikuyatimiza. Waliuteka mji huo Novemba 2012, wakashindwa mwaka uliofuata, wakaurudia Januari 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara nyingi kwamba askari wa Rwanda wanapigana bega kwa bega nao. Kigali imekuwa ikikana, ikisema inachofanya ni kujilinda dhidi ya FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo. Serikali ya Kongo nayo ina wanaoipigania nje ya jeshi, Wazalendo, makundi ya vijijini yenye bunduki na makamanda wao wenyewe.

Kwa nini wanapigana? Ukiuliza utaambiwa ardhi, uraia, kabila, usalama wa mpaka, na hayo yote yapo kweli. Lakini panda Rubaya, huko Masisi, kwenye udongo wa koltani, madini ya kutengenezea simu na kompyuta, unaochimbwa kwa sululu na koleo. M23 waliushika mji huo mwaka 2024, na wataalamu haohao walikadiria kwamba ushuru wa madini unawaingizia takriban dola 800,000 kwa mwezi. Wakala mwenye mfuko wake hamtegemei tena bosi peke yake, na hata bosi akichoka, yeye ana sababu ya kuendelea.

Ndiyo maana mazungumzo hukwama kwenye swali la nani akae mezani. Desemba 2024 marais wa Kongo na Rwanda walitarajiwa kukutana Luanda, Angola. Kigali ilitaka Kinshasa izungumze na M23 moja kwa moja. Kinshasa ikakataa, kwa hoja kwamba huwezi kujadiliana na kivuli mwenye mwili yupo. Mkutano ukavunjika. Wiki sita baadaye M23 walikuwa ndani ya Goma.