Mathenge: "Shamba ni langu, kosa liko wapi?"

Katika kazi yangu ya kukagua vitalu vya miche, swali hilo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wanaokatazwa kupanda mti fulani shambani mwao, na mara nyingi mti wenyewe huwa ni mathenge, mti wa miiba uliotoka nje. Anayeuliza simlaumu. Jua likikausha kila kitu, mathenge hubaki kijani, kivuli chake ni kizuri, na maganda yake matamu mbuzi huyakimbilia.

Ndiyo sababu uliletwa Kenya. Mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, kufufua machimbo ya mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo ili kuzuia jangwa na kupata kuni. Mradi ulikuwa wa serikali na wafadhili; hasara ikawa ya wafugaji. Vichaka vilifunika malisho, miiba ikachoma kwato, sukari ya maganda ikaozesha meno ya mifugo. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliingia Mahakama Kuu, Nairobi, na mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa kuwa gugu hatari chini ya Sura ya 325 ya sheria za Kenya, sheria ya kudhibiti magugu hatari.

Mmea ukishatangazwa hivyo, anayeimiliki au kuitumia ardhi ndiye mwenye wajibu wa kuuondoa. Mkaguzi akikupa notisi ukaikaidi, unaweza kufyekewa kisha ukadaiwa gharama. Hati ya shamba haikukingi, maana mbegu haikai kwako: humezwa na mbuzi, hutoka hai pamoja na kinyesi, na kuota kwenye malisho ya mwingine. Kumpa jirani mche mmoja ni kumpa yeye na majirani zake wote mzigo wa kung'oa.

Hata hivyo, naona sheria hii inamwelemea mfugaji. Anatakiwa kung'oa kwa jembe na panga mti ambao hakuuomba, na mathenge haung'oki kirahisi. Ukiukata juu ya ardhi kwa ajili ya mkaa, kisiki hutoa machipukizi mengi kuliko mwanzo. Fukua udongo, ukate chini ya shingo ya mzizi, yaani pale shina linapokutana na mzizi. Maganda nayo yasagwe vizuri kwanza, mbegu zivunjike, ndipo mbuzi wapewe.

Kama unachotafuta ni kivuli na maganda ya kulisha mbuzi, uliza kitaluni miche ya mgunga. Huo ni mti wetu wa tangu zamani, na hakuna mkaguzi atakayekuandikia notisi kwa kuupanda.