Kumpenda Jirani Mkorofi: Yanayodhaniwa na Yaliyoandikwa

Katika nyumba nyingi za kupanga za Mbagala, Tandale na Manzese jijini Dar es Salaam, familia kadhaa hutumia mita moja ya umeme ya LUKU, choo kimoja na uani mmoja, na hakosekani mpangaji asiyechangia umeme, anayefungulia redio usiku wa manane na kuporomosha matusi akikumbushwa. Mkristo anayeishi naye ukuta kwa ukuta hupewa mawaidha mengi kuhusu upendo, ila baadhi yake hayatokani na Injili.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kugeuza shavu la pili maana yake ni kunyamaza. Mathayo 5:39 inataja shavu la kuume, ambalo mtu anayetumia mkono wa kulia hulipiga kwa mgongo wa kiganja, na wafafanuzi wengi huliona kofi hilo kuwa la kudhalilisha zaidi ya kuumiza. Anayegeuza la pili hakimbii wala halipizi. Anabaki amesimama na utu wake. Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi na askari wakati wa kuhojiwa, alimtaka aonyeshe ubaya wa maneno aliyoyasema, na kama hakuna, aeleze sababu ya kumpiga (Yohana 18:23). Alihoji bila kutukana. Aidha, Mathayo 18:15 inaagiza kwamba ndugu akikukosea umwendee, "wewe na yeye peke yenu". Hapa ndipo tunapoanguka wengi, kwa maana tunaanzia uani, tunapitia kwenye jumuiya, tunamalizia katika kundi la WhatsApp, na mhusika huwa wa mwisho kuambiwa.

Wengine hujiona wanafiki kwa sababu mioyo yao haijampenda jirani huyo. Luka 6:27-28 haidai hisia. Inataja kutenda mema, kubariki na kuombea, mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya hata akiwa bado na donge moyoni.

Ipo pia imani kwamba ukimtumikia mkorofi kwa unyenyekevu, hana budi kubadilika. Usiku ule wa Yohana 13, Yuda alikuwapo Bwana alipowaosha wanafunzi miguu, na bado alitoka kwenda kumsaliti. Utumishi, basi, si chambo. Mistari ya 3 na 4 inasema Yesu aliinuka kuosha miguu akijua alikotoka na anakokwenda. Naamini ndiyo sababu anayeshika zamu ya kuosha choo ya jirani aliyelala mgonjwa, bila kungoja shukrani, hachoki upesi kama anayefanya hivyo kwa kuogopa kusemwa.

Linaloniumiza zaidi ni kumwambia mke anayepigwa kwamba upendo wa Kikristo unamtaka azidishe huduma, aombe na asimwambie mtu. Warumi 12:18, inayotuagiza tukae kwa amani na watu wote, inaweka mpaka kwa maneno "kama yamkini, kwa upande wenu", na sura inayofuata inayatambua mamlaka kuwa yamewekwa kuzuia uovu. Anayekwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hajaacha kumpenda mumewe. Anamzuia asiendelee kutenda dhambi. Paulo, aliyewafundisha Warumi wasijilipize kisasi, alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi kule Yerusalemu, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi, kama alivyokuwa yeye, asiyehukumiwa, na mara hiyo waliokuwa tayari kumpiga wakaondoka.