Jina la batani ni lipi hasa?

Hili swali vijana wanaoanza kuandika programu wananiuliza sana, wakimaanisha batani ile ya kubonyeza kwenye skrini, na mimi huwa nawapeleka kwanza kwenye arkedi za hapa Kampala, yale majengo yenye maduka mengi madogo. Ukiingia arkedi yoyote kule chini upande wa Kikuubo, kila duka lina kibao, tuseme kimeandikwa Vitenge vya Jumla, halafu lina namba yake, tuseme G12. Mpangaji akihama anabeba kibao chake, anaingia mwingine wa simu anaweka kibao kingine, lakini G12 inabaki G12, na kijana anayeleta mzigo kwa mgongo anaambiwa namba, haambiwi rangi ya kibao.

Sasa kwenye skrini, yale maandishi unayoyaona juu ya batani ndo kibao. Jina la batani ni ile namba, linakaa ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu, mtumiaji halioni kabisa, ila programu yenyewe na testi (programu ndogo zinazoijaribu ile kubwa) na developa mwenzako ndo wanalitumia kuitafuta. Kila kifurushi cha kujengea skrini kina njia yake ya kuliweka: Java wana setName, kifurushi cha Qt wanaita objectName, Android ya simu ni id, HTML ya kurasa za wavuti pia ni id. Kazi ni ile ile tu.

Kwa nini nalisisitiza hivi? Kuna ofisi moja ya mikopo niliwafanyia kazi, programu yao ilikuwa ya Kiingereza, testi zote zilikuwa zinatafuta batani kwa maandishi yake, Send. Wateja wakaomba Kiswahili na Luganda, Send ikawa Tuma na upande wa pili Weereza, na asubuhi yake testi zote zikafeli wakati programu yenyewe haina shida hata moja, nikakaa siku mbili nzima narekebisha kitu ambacho kingeisha kwa kuipa ile batani jina moja tu, tumaPesa, toka mwanzo. Niliumia kwa kweli, maana wale watu walikuwa wanasubiri.

Na usiseme basi ntaacha kifurushi kijipe majina chenyewe. Kwenye AWT, kifurushi cha zamani cha Java, ukiacha, batani ya kwanza kuulizwa jina inaitwa button0, inayofuata button1, kwa mpangilio zilivyoulizwa, kwa hiyo ukiongeza batani moja pale juu namba za chini zinaweza kusogea na jana button3 ilikuwa Hifadhi leo ni Futa. Hebu fikiria testi yako inabonyeza hiyo. JButton, batani ya Swing ambayo ni kifurushi kingine cha Java, ndo haina jina kabisa mpaka wewe uipe, ukiuliza inakurudishia null, yaani hakuna kitu.

Jina zuri linasema kazi ya kitu, halisemi kilipo wala kinavyofanana. Nimekuta batani inaitwa batanBluuKulia, na ilikuwa ya kijani, kushoto. Iite kufutaMteja, hata ukiihamisha bado inafuta mteja.

Kuhusu kurudia jina, hapa watu wanachanganyikiwa sana. G12 ipo arkedi hii na ipo arkedi ya pili, hakuna ugomvi, mradi uanze kwa kusema arkedi gani. Tk, kifurushi kingine cha kujengea skrini, imeshika wazo hilo vizuri kuliko wote, jina kamili ni njia nzima kama .mkopo.tuma, nukta ya mwanzo ni dirisha kuu, halafu fremu (kisanduku kinachobeba batani), halafu batani, na herufi ya kwanza ya jina haitakiwi kuwa kubwa. HTML wao hawataki id irudiwe kwenye ukurasa mmoja, na ukirudia, getElementById, amri ya kutafuta kitu kwa id yake, inakupa ile ya kwanza bila kulalamika, ya pili utaibonyeza mpaka uchoke. Android pia amri yao ya kutafuta, findViewById, inarudisha ya kwanza inayokutana nayo.

Kuna jina la tatu ambalo wengi wanalisahau na mimi linaniuma, ni lile linalosomwa kwa sauti kwa mtu asiyeona. Batani yenye picha ya ndoo ya taka peke yake haina kibao, na kufutaMteja iko ndani kwa kawaida haisomwi, kwa hiyo ndugu yetu anayetumia TalkBack, programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, anaweza kusikia tu kwamba hapa kuna batani, ya nini hajui. Kwenye Android unajaza contentDescription, yaani maelezo ya kusomwa, unaandika Futa mteja, sekunde kumi tu, na hiyo unaitafsiri kama kibao kwa sababu ni ya binadamu.

Ukitaka kubadilisha jina la ndani baadaye, tafuta kwanza nani analitumia. Qt kwa mfano inaweza kuunganisha yenyewe funksheni inayoitwa on_tuma_clicked na batani yenye objectName tuma, sasa ukiigeuza batani ikawa tumaPesa ukaiacha ile funksheni na jina lake la zamani, programu itajengeka vizuri, itafunguka vizuri, halafu batani itabonyezwa na hakuna kitakachotokea.