Ziwa Baikal, Ndugu Mkubwa wa Tanganyika Katika Baridi ya Siberia

Katika shule za Afrika Mashariki tunafundishwa mapema kwamba Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, na katika mazungumzo yetu na umma swali linalofuata huwa lile lile: la kwanza ni lipi? Ni Baikal, lililoko Urusi, kusini mwa Siberia, karibu na mpaka wa Mongolia. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na Baikal mita 1,642. Yote mawili yamezaliwa kwa namna moja, yaani ardhi ilipasuka, pande zake mbili zikaendelea kuachana polepole, na maji yakajaa katika ufa. Ufa wa Baikal ulianza kufunguka yapata miaka milioni 25 iliyopita, ndiyo maana wanajiolojia hulihesabu kuwa ziwa kongwe kuliko yote. Matope na mchanga ulioletwa na mito kwa muda wote huo umelala chini yake kwa unene wa kilomita kadhaa, kwa hiyo sakafu ya mwamba wa ufa iko mbali sana chini ya kile tunachokiita kina cha ziwa.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 636, na limebeba takribani sehemu moja ya tano ya maji yote baridi ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda. Huingiwa na mito zaidi ya 300, mkubwa wao ukiwa Selenga unaotoka Mongolia, lakini unaotoka ni mmoja tu, Angara, ambao hujiunga na Yenisei kuelekea Bahari ya Aktiki. Simulizi za wenyeji husema kwamba Angara alikuwa binti pekee wa mzee Baikal, akatoroka usiku kumfuata kijana Yenisei, naye baba akamrushia jabali ili kumzuia. Ncha ya jabali hilo ingali inaonekana pale mto unapoliaga ziwa.

Jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote ni namna maji ya Baikal yanavyopata hewa, kwa sababu hapo ndipo maziwa haya ya jamii moja yanapoachana. Maji huwa mazito kadiri yanavyopoa, lakini yakishuka chini ya nyuzi 4 za selsiasi huanza kuwa mepesi tena. Katika Tanganyika joto halipungui vya kutosha mwaka mzima, hivyo maji ya juu yenye vuguvugu hukaa juu ya yale ya chini kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Upepo wa kusi huyakoroga ya juu, lakini chini ya mita 200 hivi oksijeni hakuna, na samaki hawaishi huko. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Tanganyika, kwa kipimo hicho, ni maji yasiyo na samaki.

Baikal si hivyo. Majira ya kuchipua na ya vuli, maji ya juu hufikia ubaridi uleule wa maji yaliyo chini yake, na upepo huyachanganya kwa mamia ya mita. Zaidi ya hapo, mgandamizo wa kina kirefu hulishusha chini ya nyuzi 4 lile joto ambalo maji huwa mazito zaidi. Kwa hiyo maji ya nyuzi 3 hivi, ambayo juu yalikuwa mepesi, yakisukumwa na dhoruba hadi kina fulani hugeuka kuwa mazito kuliko majirani zake, kisha huendelea kuzama yenyewe mpaka chini kabisa, yakiwa yamebeba oksijeni. Ziwa lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, linalopata hewa hadi sakafuni, ni jambo la kustaajabisha, na uhai wake wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Humo yumo golomyanka, samaki asiye na magamba, mwenye mwili unaopitisha mwanga na mafuta mengi, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, na hupatikana kutoka karibu na uso wa maji hadi vilindini. Zimo spishi mamia za jamaa wa kamba. Yumo kiumbe mdogo wa milimita moja na nusu aitwaye Epischura, ambaye kwa wingi wake huyachuja maji, na kwa sehemu ni yeye anayelipa ziwa uangavu wake mashuhuri. Na yumo nerpa, sili pekee duniani ambaye jamii yake yote huishi katika maji yasiyo na chumvi, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mababu zake walipanda na mito kutoka Aktiki.

Waburyat na Waevenki waliishi kandokando ya ziwa kabla ya Kurbat Ivanov kufika mwaka 1643 akiwa Mrusi wa kwanza kuliandikia taarifa. Mji wa Irkutsk ulianza kama ngome mwaka 1661. Lakini kwa msomaji wetu historia ya reli ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumbani. Ujenzi wa reli ya kuvuka Siberia ulianza mwaka 1891, ukakwama Baikal kwa sababu kusini milima inaingia moja kwa moja majini. Serikali ikaagiza kutoka Newcastle, Uingereza, kivuko cha kuvunja barafu chenye uwezo wa kubeba mabehewa. Kililetwa kikiwa vipandevipande, kikaunganishwa ufukweni Listvyanka, kikashushwa majini mwaka 1899. Wakazi wa Kigoma wataitambua hadithi hii, kwa kuwa meli yao ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, nayo ilifunguliwa, ikapakiwa katika makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi ziwani, ikashushwa majini mwaka 1915. Kivuko cha Baikal kiliteketea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918. Mwenzake mdogo, meli iliyopewa jina la mto Angara, amebaki Irkutsk kama makumbusho.

Majira ya baridi ya mwaka 1904, vita na Japani ikiwa imeanza na barafu ikiwa nene mno kwa kivuko, reli ilitandikwa juu ya barafu yenyewe. Kichwa cha treni cha kwanza kilizama. Baada ya hapo mabehewa yalivutwa na farasi, na vichwa vikafunguliwa ili uzito ugawanyike. Hata leo, kuanzia Januari ziwa huganda kwa unene wa mita moja hivi, magari huvuka kwenda kisiwa cha Olkhon, na abiria huagizwa wasifunge mikanda ili waweze kutoka haraka barafu ikivunjika.

Barafu hiyo inapungua. Kumbukumbu za Listvyanka tangu mwaka 1869 zinaonyesha kwamba muda wa ziwa kuganda umefupika kwa zaidi ya wiki mbili. Kuhusu maji, tunawiwa na familia moja: mwanasayansi Mikhail Kozhov alianza katikati ya miaka ya 1940 kupima mahali pamoja kila baada ya wiki moja au siku kumi, akamrithisha kazi binti yake Olga Kozhova, naye akamwachia bintiye Lyubov Izmesteva. Kwa daftari zao tunajua kwamba maji ya juu yameongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1. Kiwanda cha karatasi kilichofunguliwa ufukweni mwaka 1966 kilifungwa mwaka 2013, lakini joto halifungwi kwa amri. Nerpa jike huzaa mwishoni mwa majira ya baridi ndani ya pango la theluji juu ya barafu, na mtoto wake huhitaji paa hilo lisimame kwa wiki kadhaa, mpaka awe na mafuta ya kutosha kuyastahimili maji.