Anapowabeza vijana, anazungumza na wazee

Mwanasiasa anaposimama jukwaani na kusema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, wanalalamika ovyo na hawajui maisha, mara nyingi vijana wenyewe hawamo ukumbini. Waliomo ni watu wa miaka hamsini, sitini, sabini. Kauli ile imetungwa kwa ajili yao. Wao ndio wanaotarajiwa kucheka na kutikisa vichwa kwa kukubali, na siku ya kura ikifika wamkumbuke mtu aliyesema hadharani kile wanachodhaniwa kunong'ona nyumbani.

Kazi yangu ni kuchunguza tabia za wapiga kura. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa na vikundi vidogo vya watu, kuwasikilizisha hotuba, kisha kunyamaza wao wazungumze. Kauli za namna hii nimewasikilizisha wazee mara nyingi, na nataka kueleza kinachotokea. Washauri wengi wa kampeni bado wanaziona kama mtaji wa bure: unawaudhi watu ambao hawajitokezi sana kupiga kura, unawafurahisha wanaojitokeza. Hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe iko kwa wazee.

Wapo wanaopiga makofi, na sitaki kulificha hilo. Karibu kila kikundi kina mtu anayecheka mara moja na kuongeza kisa chake cha kijana asiyeamkia watu. Pia ni kweli kwamba wazee wengi hupenda vijana wadaiwe kitu. Mei 2024, katikati ya kampeni nchini Uingereza, waziri mkuu Rishi Sunak alipendekeza kila mwenye miaka 18 alitumikie taifa, ama kwa kupata nafasi ya mwaka mmoja jeshini, ama kwa kujitolea mwisho wa wiki moja kila mwezi. Pendekezo hilo liliwavutia wazee kuliko vijana. Lakini kumdai kijana wajibu ni kukubali kwamba anaweza kubeba jambo zito. Kumcheka ni kusema hawezi. Washauri huyachanganya haya mawili wakadhani anayeunga mkono la kwanza atafurahia la pili. Wazee niliowasikiliza hawayachanganyi.

Kinachofuata baada ya kicheko cha kwanza ndicho kinachonivutia. Hupita kimya kifupi, halafu mtu mmoja anamtaja mwanawe. Anasema kijana wake ana shahada na kazi mbili, na bado hawezi kulipa kodi ya nyumba. Wa pili anamtaja mjukuu. Kuanzia hapo mazungumzo hubadilika, na yule aliyecheka mwanzo huanza kueleza kwamba hakumaanisha vijana wa nyumbani kwake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwanasiasa anadhani amelisema kundi fulani la mbali, kumbe amewasema watu ambao msikilizaji wake anawalisha, anawalipia ada, au anawasubiri warudi usiku kutoka zamu.

Mfano ninaoupenda kuutumia ni wa Hillary Clinton, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2016. Februari mwaka huo, akizungumza na wachangiaji wa kampeni yake, aliwaelezea vijana waliomuunga mkono Bernie Sanders, mpinzani wake ndani ya chama, kuwa ni watoto wa mdororo mkubwa wa uchumi, ambao wengine wanaishi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi. Rekodi ilivuja mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo. Kwa haki yake lazima niseme kwamba ukiisikiliza yote, sehemu kubwa ilikuwa ya kuwahurumia: alikuwa anaeleza kwamba walisoma, kisha wakakuta kazi zilizopo si zile walizoahidiwa. Ila kilichosambaa ni kile chumba cha chini. Sasa jiulize, chumba hicho ni cha nani? Ni cha mzazi. Mwenye nyumba ana miaka hamsini na kitu au sitini, ni mpiga kura wa siku zote, na yeye ndiye aliyeamua mwanawe arudi nyumbani ajipange. Maneno yanayomdhihaki kijana kwa kuishi hapo yanaugusa uamuzi wa mzazi pia, yanaigusa familia iliyojibana ili mtu wake asianguke. Wapo wazazi wanaoliona hilo kuwa jambo la aibu, lakini nimekutana na wengi zaidi wanaoliona kuwa ndilo jambo jema walilolifanya mwaka ule.

Joe Biden naye, Januari 2018, akiwa na miaka 75 na kabla hajatangaza kugombea urais wa Marekani, alisema kuwa kizazi cha vijana kinapomwambia jinsi mambo yalivyo magumu yeye hana huruma nacho, kwa kuwa kizazi chake kiliingia katika siasa na kubadilisha mambo. Watu wa rika lake wangetarajiwa kujisikia wamesifiwa. Wapo waliojisikia hivyo. Lakini mzee aliyeanza maisha katika miaka ya sitini na sabini ana kumbukumbu ya kina kuliko sifa: anakumbuka ada ya chuo ilikuwa kiasi gani na mshahara wa kwanza ulitosha nini. Akiambiwa kwamba alifanikiwa kwa ushupavu tu, hujua hesabu haijakamilika. Baadaye Biden alipokuwa rais alijaribu kufuta sehemu ya madeni ya wanafunzi, mpango alioutangaza Agosti 2022 na ambao Mahakama ya Juu iliuzuia Juni 2023. Nalitaja hili kwa sababu kauli moja haimfungi mtu milele, na wapiga kura wazee, kwa uzoefu wangu, ni wepesi kusamehe wakiona vitendo vimebadilika.

Kuna kumbukumbu nyingine iliyo nzito zaidi, na hasa kwa Wamarekani waliozaliwa kati ya mwisho wa miaka ya arobaini na katikati ya hamsini. Watu hawa walidharauliwa kwa maneno yaleyale. Vijana wa miaka 18 walikuwa wakiitwa jeshini na kupelekwa Vietnam, lakini katika majimbo mengi kupiga kura kulianzia miaka 21. Hoja ya kuwanyima kura ilikuwa kwamba hawajapevuka, wana jazba, watadanganywa na wachochezi. Marekebisho ya 26 ya Katiba, yaliyoshusha umri wa kupiga kura hadi 18, yalipita katika Seneti Machi 1971 kwa kura 94 bila hata moja ya kupinga, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo majimbo ya kutosha yalikuwa yameshayaridhia. Hakuna marekebisho yaliyoridhiwa haraka kiasi hicho. Aliyekuwa na miaka 18 siku ile sasa amepita sabini. Huyo ndiye anayeketishwa ukumbini leo na kutegemewa acheke akisikia kwamba vijana wana jazba na hudanganywa kirahisi.

Waliolipigania jambo lile walikuwa na wazee miongoni mwao, na hilo halisemwi vya kutosha. Jennings Randolph wa West Virginia alianza kupendekeza umri wa 18 mwaka 1942, akiwa mbunge, pale umri wa kuitwa jeshini uliposhushwa hadi 18. Aliendelea kulipendekeza, Bunge baada ya Bunge, mpaka likapita akiwa seneta wa miaka 69. Upande wa pili alikuwapo Emanuel Celler wa New York, mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi, aliyezaliwa 1888 na aliyekuwa bungeni tangu 1923. Kwa miaka mingi alilipinga wazo hilo, akiamini vijana ni mawindo rahisi ya wachochezi. Mwaka 1972, katika kura za mchujo za chama chake, Celler aliangushwa kwa tofauti ndogo na Elizabeth Holtzman, mwanasheria kijana ambaye aliingia Baraza la Wawakilishi akiwa na miaka 31. Siwezi kusema alianguka kwa sababu ya vijana, yalikuwapo mengi. Ila kila nikisikia mtu akidai kwamba kuwabeza vijana ni njia salama kwa mwanasiasa mkongwe, humfikiria Celler.

Tuseme pia juu ya madai kwamba vijana hawapigi kura, kwa kuwa ndiyo fimbo inayotumika zaidi. Ni kweli hujitokeza kwa uchache kuliko wazee. Ni kweli leo na ilikuwa kweli zamani. Katika uchaguzi wa rais wa 1972, wa kwanza kwa Wamarekani wa miaka 18 hadi 20 kote nchini, takriban asilimia 48 yao walipiga kura, ilhali kwa umri wote ilikuwa kama 63. Hao ndio wazee wa sasa, wale wanaosifiwa kwa kutokosa hata uchaguzi mmoja. Kilichobadilika ni maisha yao: waliacha kuhamahama, anwani zao zikatulia, wakajua kituo chao cha kura kiko wapi na nani ni nani kwenye karatasi. Kijana anahama kila mwaka na pengine kila mara lazima ajiandikishe upya. Anafanya kazi yenye zamu zisizotabirika. Ukimwita mvivu umeruka sababu zote hizo.

Na pengo hilo halikuandikwa kwenye jiwe. Katika uchaguzi wa wabunge wa Marekani wa 2014, ni kama asilimia 20 tu ya raia wa miaka 18 hadi 29 waliopiga kura. Mwaka 2018 walikuwa karibu asilimia 36. Katika miaka minne! Bado walikuwa chini sana ya wenye miaka 65 na zaidi, waliofikia asilimia 66, lakini hakuna rika lililoongezeka kama lao.

Sisi tunaofanya kazi hii tunajua jambo jingine ambalo linafanya dharau iwe ghali kuliko inavyoonekana. Kupiga kura ni mazoea. Utafiti wa mwanasayansi wa siasa Eric Plutzer uliochapishwa 2002, na ule wa Alan Gerber, Donald Green na Ron Shachar wa 2003, ulionyesha kwa njia tofauti kwamba aliyepiga kura mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi, na kwamba miaka ya mwanzo ina uzito wake. Muda mrefu kabla yao, mwaka 1928, mwanasosholojia Karl Mannheim alikwisha kueleza kwamba yanayompata mtu anapoingia utu uzima humpa macho atakayoyatumia kutazama mengine yote. Kwa hiyo kijana anayekaribishwa kwa kejeli kwenye uchaguzi wake wa kwanza hapotezi uchaguzi mmoja tu. Anaweza kukaa pembeni miaka mingi, na tabia hiyo aifikishe utu uzimani. Wazee wengi wanalijua hili bila kusoma utafiti wowote, kwani wanaye rafiki wa ujana aliyekatishwa tamaa mapema na ambaye hadi leo hapigi kura.

Februari 2019, kikundi cha watoto na vijana kilimwendea seneta wa Marekani Dianne Feinstein katika ofisi yake ya San Francisco kumwomba aunge mkono azimio la kukabili mabadiliko ya tabianchi. Feinstein, aliyekuwa na miaka 85, aliwaambia amefanya kazi hii kwa miaka thelathini na anajua anachokifanya. Msichana mmoja alipotaja kuwa ana miaka 16, Feinstein alimjibu kwamba basi msichana huyo hakumpigia kura. Nikionyesha kipande hicho, hoja ya tabianchi huwagawa wazee kama inavyowagawa watu wengine, lakini katika jibu lile kwa msichana huungana kuliko nilivyotarajia. Wanapiga hesabu haraka: miaka miwili, naye atakuwa mpiga kura. Wengine huuliza jambo ambalo naona ni la maana zaidi. Kama sauti inasikilizwa kwa kura tu, itakuwaje kwa mtu aliyelazwa, aliyepoteza kumbukumbu, asiyeweza tena kufika kituoni?

Hapo ndipo mzee huona kwamba kauli iliyolengwa kwa kijana inaweza kumgeukia. Mtu wa miaka sabini ameshazungumzwa mbele yake kama vile hayupo. Amesikia akiitwa mzigo wa bajeti ya afya na kizuizi cha maendeleo, na ameelezwa mambo kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Dharau kwa sababu ya umri anaijua kwa ladha. Si lazima itoke kwa mkongwe pia: Mei 2023 Vivek Ramaswamy, mgombea urais wa Marekani mwenye miaka 37, alitaka umri wa kupiga kura upandishwe hadi 25, isipokuwa kwa waliotumikia jeshi au huduma za dharura, au waliofaulu mtihani wa uraia. Mzee mwenye busara akisikia mtihani, hujiuliza ni lini utaletwa kwake.

Kama wazee wengi wanachukizwa, mbona wanasiasa hawaachi? Sababu mojawapo ni kwamba hawajui. Watafiti David Broockman na Christopher Skovron, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliwauliza wanasiasa wa majimbo ya Marekani wapiga kura wao wanaamini nini, kisha wakalinganisha majibu na maoni halisi. Wanasiasa waliwadhania watu wao kuwa wahafidhina kuliko walivyo, na kwa tofauti kubwa. Utafiti huo haukuwa wa dharau kwa vijana, lakini ninaona njia ileile: mwanasiasa husikia wale wanaompigia simu na wanaocheka ukumbini. Mzee aliyekaa kimya huku amekunja uso hahesabiwi. Anarudi nyumbani na hasira yake, mwanasiasa anarudi ofisini na kumbukumbu ya makofi.

Kwa sababu hiyo, wazee wanaponiuliza wafanye nini, huwaambia waseme palepale. Kama ni mkutano, aombe nafasi ya swali na atamke umri wake kwanza, kisha aseme kwamba yaliyosemwa kuhusu vijana hayakumfurahisha na kwa nini. Kama ni matangazo, aandike barua kwa ofisi ya mwanasiasa huyo, naye ataje umri na ataje kwamba hupiga kura kila uchaguzi. Barua kama hizo husomwa na kuhesabiwa kwa mada. Barua ishirini kutoka kwa watu waliozidi miaka sitini, zote zikiwatetea vijana, zingemlazimisha mshauri wa kampeni aketi na mteja wake waipitie hotuba upya.